Aliye Hemani Hanitishi

Hotuba ya muuguzi mstaafu mbele ya watumishi wa hospitali, Mwanza. Imeandikwa kutoka kwenye kinasa sauti na kupunguzwa kidogo.

Mganga mfawidhi, matroni, madaktari, wauguzi wenzangu, watu wa maabara, watu wa mochwari, mwangaluka!

(Ukumbi unaitikia.)

Naona viti vya mbele vitupu, na akina mama wa usafi wamesimama kule mlangoni kama waliokuja kuangalia harusi ya watu. Njooni mkae. Nasubiri. Mama mwenye khanga ya bluu, na wewe. Haya, ahsanteni, nitawahitaji.

Nimeombwa nizungumzie jinsi sisi wa hospitali tunavyoiona hatari ya kuambukizwa wakati wa mlipuko wa ugonjwa. Mjukuu wangu aliposikia aliniuliza, "Bibi, kwani hatari si inaonekana tu?" Nikamwambia, ingekuwa inaonekana, nisingelipiwa nauli ya kutoka Buhongwa.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Nikiwa na miaka miwili tu kazini, nilipelekwa kwenye kambi ya kipindupindu katika kisiwa kimoja cha wavuvi. Waliofanya kambi mnaijua: maturubai, vile vitanda vyenye tundu katikati na ndoo chini, harufu ya klorini inayokaa kwenye nywele wiki nzima. Sisi wauguzi vijana tulikuwa tunatetemeka, tukavaa barakoa mbili mbili. Kipindupindu! Ugonjwa unaoingia kwa mdomo, kwa maji, kwa chakula, kwa mkono uliogusa kinyesi, sisi tunauzuia usipite puani. Ikifika saa nne anakuja mama na beseni la maandazi. Tunashusha barakoa zote mbili kidevuni, tunakula kwa mkono uleule uliotoka kubadilisha ndoo.

Pale kambini kulikuwa na mama wa usafi, mtu mzima, tukimwita Shangazi. Barakoa hakuvaa hata siku moja. Alikuwa na buti, glavu ngumu za jikoni, na ndoo mbili alizozilinda kama mboni ya jicho: moja ya klorini ya asilimia 0.05 ya kunawia mikono, nyingine ya 0.5 ya sakafu na vyombo. Hakuruhusu mtu azichanganye. Akatutazama tunavyotafuna, akasema, "Kuleni, kuleni. Kesho nitawatandikia."

Tukacheka. Siku ya tatu mwenzetu mmoja alitandikiwa, kitanda cha mwisho karibu na mlango. Alipona, namshukuru Mungu, kwa chupa za maji mshipani na Shangazi kumnywesha maji ya chumvi na sukari usiku kucha. Lakini mimi lile andazi sijalisahau. Miaka yote niliyofanya kazi nimekuwa nikijiuliza: tulikuwa na woga mwingi namna ile, mbona haukutusaidia?

Baadaye nikaja kusoma. Yupo mtafiti wa Marekani anaitwa Paul Slovic, mwaka 1987 aliandika kwamba watu hawapimi hatari kwa kuhesabu waliokufa. Wanaipima kwa mambo mawili: jambo hilo linatisha kiasi gani, na ni geni kiasi gani. Likitisha na likiwa geni, tunalikimbia hata likiwa mbali. Likizoeleka, tunakaa nalo benchi moja.

Na sisi hapa tunakaa nalo benchi moja kila siku, asubuhi, kwenye mapokezi ya wagonjwa wa nje. Baba anakohoa wiki ya nne, ameshika kitambaa, dirisha limefungwa kwa sababu ya vumbi, na nesi anamwinamia sikioni kumwuliza jina. Nani anamwogopa? Hakuna. Ni kikohozi tu. Lakini mkitaka kujua ni ugonjwa gani umewapata wauguzi na wahudumu wa wodi kimya kimya, bila mlipuko kutangazwa, bila waziri kuja na kamera, kifua kikuu kimo juu kabisa. Fungueni hilo dirisha. Vumbi litafutwa.

Au sindano. Ukijichoma na sindano iliyotoka kwa mtu mwenye virusi vya Ukimwi, uwezekano wa kuambukizwa ni kama watu watatu katika elfu. Sindano iliyotoka kwa mwenye homa ya ini aina ya B, nawe hujachanjwa, inaweza kufika thelathini katika mia. Sasa mimi nimemwona daktari kijana amejichoma saa nane usiku, anakimbia korido akilia, anatafuta dawa kinga za Ukimwi kabla saa 72 hazijaisha. Amefanya vyema, zile dawa ni za kukimbilia. Nikamwuliza, "Mwanangu, chanjo ya homa ya ini umechoma dozi ngapi?" Akaniambia moja. Zilizobaki? "Nilikuwa bize, mama." Dozi ni tatu, jamani. Nyoosheni mikono waliomaliza tatu.

(Mikono inanyooshwa. Msemaji anaangalia ukumbi, hasemi kitu.)

Sawa. Tuendelee.

Mwezi wa tatu mwaka 2023, tarehe 21, serikali ilitangaza kwamba ule ugonjwa wa ajabu wa kule Bukoba Vijijini ni Marburg, ugonjwa wa virusi wa jamii ya Ebola, unaoambukiza kwa majimaji ya mwili. Mnakumbuka Mwanza ilivyokuwa. Meli na mabasi ya kutoka Bukoba yakawa yanatazamwa kama yamebeba mauti. Mtu akishuka na ndizi zake anaulizwa ametoka lini. Nami nilikuwa nimestaafu, lakini simu yangu haikulala. Wauguzi vijana wananipigia: mama, tufanyeje, wakimleta kwetu mimi nakimbia. Mmoja aliniambia ameshapanga mpaka njia ya kupanda ukuta.

Sikumcheka. Marburg si jina la kuchezea. Limetoka kwenye mji wa Ujerumani, na mnajua walioanza kuugua kule mwaka 1967 walikuwa nani? Watu wa maabara, waliokuwa wakishughulika na tumbili waliotolewa hapo ng'ambo ya ziwa, Uganda. Waliougua walikuwa 31, wakafa saba. Yaani ugonjwa huu tangu siku uliyojulikana umejulikana kwa kupitia sisi, watu wa koti jeupe. Na Kagera, mpaka tarehe 2 Juni ulipotangazwa kwisha, waliougua walihesabiwa tisa, wakafa sita. Wawili katika wale tisa walikuwa watumishi wa afya, mmoja akafariki. Wawili kati ya tisa! Kwa hiyo aliyekuwa anapanga kupanda ukuta alikuwa na akili zake timamu.

Nilichomwuliza ni kitu kimoja: "Utamkimbia nani?" Akasema mgonjwa wa Marburg. Nikamwuliza, "Utamjuaje?"

Hapo akanyamaza, na hapo ndipo ninapotaka tukae leo, mengine yote niliyosema yalikuwa ya kusafishia koo.

Mgonjwa wa Marburg hafiki mapokezi ameandikwa kwenye paji la uso. Anafika na homa, kichwa, mwili kuuma, kama wale arobaini waliotangulia asubuhi hiyo. Unampima malaria, na hapa ziwani kipimo kinaweza kabisa kuonyesha malaria, kwa sababu malaria anayo pia. Unamwandikia dawa. Anatapika, unashika beseni. Mama yake anamfuta, na wewe unamsaidia kumgeuza, glavu moja kwa wagonjwa watatu au mikono mitupu. Virusi vinachukua siku mbili mpaka 21 kujionyesha kwa aliyeambukizwa. Kwa hiyo siku anayogundulika mgonjwa wa kwanza, wewe uliyeshika lile beseni umeshasahau hata sura yake.

Ikafuata Biharamulo, Januari mwaka 2025. Biharamulo basi la Bukoba linapita hapohapo. Waliohesabiwa walikuwa kumi, wote wakafa. Katika hao kumi, wanane walikuwa wamekwisha kufa na kuzikwa kabla maabara haijathibitisha chochote. Hebu lifikirieni kwa macho ya muuguzi. Hao wanane waliuguzwa na mtu, wakaoshwa na mtu. Siku hizo hakukuwa na hema la kutengea wagonjwa, hakukuwa na suti nyeupe, hakukuwa na wataalamu kutoka Dodoma. Kulikuwa na kitanda, ndugu wa mgonjwa, na mtu kama wewe.

Ndiyo maana nasema aliye hemani hanitishi. Msininukuu vibaya, sijasema hana hatari. Nasema kwake yeye kila mtu ameshaamka: ana alama, ana mlango wa kuingilia na wa kutokea, ana mwenzako amesimama nje anakuangalia unavyovaa na unavyovua, anakukemea ukigusa uso. Pale hata mvivu ananawa. Anayenitisha mimi ni yule wa arobaini na moja kwenye benchi, Jumatatu, ndoo tiririka imekauka, na sabuni imekwisha tangu Ijumaa.

Yupo na mwingine anayenitisha zaidi, na huyu ni mgumu kumtaja kwa sababu mmekaa naye ubavuni hapo. Mwenzako wa zamu.

Mwaka 2000 Ebola iliingia Gulu, kaskazini mwa Uganda. Hospitali ya Lacor ilikuwa chini ya Dakta Matthew Lukwiya. Ni yeye aliyepekua vitabu usiku akatambua ni kitu gani kinawaua wanafunzi wake wa uuguzi, akapiga simu Kampala, akafungua wodi ya kutengea wagonjwa kabla hajafika mtu wa kumfundisha. Aliijua hatari kuliko mtu yeyote katika jengo lile. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja muuguzi wake, aliyekuwa amelazwa mgonjwa, alizidiwa akawa anatoka damu na kuhangaika. Lukwiya aliitwa. Akavaa gauni, kofia, barakoa, glavu, akakimbia. Kinga ya macho hakuvaa. Alifariki tarehe 5 Desemba mwaka ule.

Mimi sipendi watu wanavyoitumia habari hii kusema eti alizembea. Nani hapa angesimama kutafuta miwani huku mwenzake anakufa? Swali langu ni jingine. Angekuwa mgonjwa asiyemjua, angekimbia vile? Kwa mgeni tunajikinga. Kwa mwenzetu tunaona kujikinga ni kama kumtusi.

Ndiyo hivyohivyo kwenye chumba cha chai. Mnatoka wodini mmevaa kama wanaanga, mnaingia kile chumba kisicho na dirisha, mnavua kila kitu, mnakaa magoti yamegusana, mnachovya mkono kwenye sahani moja ya karanga. Anakohoa? Ah, ni vumbi. Ana homa? Ana uchovu, amepiga zamu mbili. Na yeye mwenyewe hasemi anaumwa, kwa sababu akilala nyumbani zamu yake inaangukia kwako, na wewe utanuna. Wakati wa Korona tuliyaona haya. Ya mwaka 2020 na 2021 sitayaeleza, kila mtu hapa ana kaburi analolikumbuka. Ila mkikaa nyumbani kwa utulivu jiulizeni, mliougua mliambukizwa na mgonjwa, au na yule mliyekuwa mnagawana naye chapati?

Hata kunawa kwetu kunatoboa siri. Shirika la Afya Duniani limetaja nyakati tano za kunawa mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu, baada ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyo karibu naye. Mahali pengi walipokaa wakawahesabu wauguzi na madaktari wananawa lini, wamekuta jambo lilelile: "baada" tunanawa, "kabla" tunasahau. Maana yake tunanawa tunapojisikia tumechafuka. Mkono unajilinda wenyewe. Sikulaumu, nami mkono wangu ulikuwa hivyohivyo, lakini tusiseme tena kwamba hatujui. Tunajua. Tunajua kwa upande wetu.

Sasa niwageukie wakubwa. Mganga mfawidhi, nivumilie, mimi sina cha kupoteza, pensheni yangu inatoka Dodoma.

(Kicheko.)

Watumishi hawajifunzi hatari kwenye mabango. Wanaisoma kwenye mwenendo wenu. Nilifanya kazi hospitali moja, sitaitaja, ambako boksi za glavu zilifungiwa kabatini na ufunguo ulikaa kwenye mkoba wa mtu. Ukitaka jozi unaandika jina, unaeleza ya nini. Ya nini! Siku wakija wageni wa mkoa, boksi zinapangwa juu ya kila meza kama keki. Wageni wakiondoka, zinarudi kabatini. Nesi wa mwaka wa kwanza anajifunza nini hapo? Anajifunza kwamba glavu ni ya kuonyesha. Kisha mlipuko ukija mnamwita semina mnamwambia hana uelewa wa hatari. Uelewa anao sana; ameshaelewa kwamba thamani yake ni ndogo kuliko ya boksi.

Na siku tetesi za ugonjwa zilipofika, bosi mmoja aliyekuwa akipita wodini kila asubuhi akaanza kuomba taarifa kwa simu. Hakutoa tangazo lolote. Ila siku ya pili nusu ya wodi walikuwa na ruhusa za kuuguliwa na wazazi.

Halafu watu wa usafi. Mnaona sasa kwa nini niliwaita mbele. Damu ikimwagika anaitwa nani? Shuka zenye matapishi zinabebwa na nani? Kisanduku cha sindano kikijaa mpaka zinachomoza, nani anakibeba kwa mkono kwenda kichomea taka? Lakini mafunzo yakija wanaitwa madaktari na wauguzi, hawa wanaambiwa ni wa kampuni, si watumishi wetu. Virusi havisomi mkataba. Shangazi wangu wa kisiwani alijifunza kupima klorini kwa kuchungulia. Hakuna aliyekaa naye kumfundisha, na bado alituzidi wote.

Niseme moja la nyumbani, kisha nimalize. Wote walionipigia simu mwaka ule wa Marburg, hakuna hata mmoja aliyeniuliza "mimi nitakufa?" Waliuliza: nikirudi nyumbani nimnyonyeshe mtoto? Sare nifulie wapi? Mama mkwe amehamisha godoro lake, nifanyeje? Mwenye nyumba amesema nitafute pengine. Mmoja alikuwa anabadilisha sare chooni kituo cha daladala Mabatini ili majirani wasimwone anatoka kazini. Mnaita hiyo woga wa ugonjwa? Hiyo ni hesabu ya mtu mwenye watoto. Inajibiwa kwa chumba cha kubadilishia nguo, sufuria la kuchemshia sare, kitanda cha kulala ukiwa zamu ya mahema, na namba ya simu ya mtu atakayepokea saa tisa usiku. Ukimjibu kwa kumwambia "wewe uliapa", umemkosa, na kesho hatakwambia akijichoma sindano.

Basi. Nimekuja na kitu kwenye kikapu. Si dagaa, msichangamke.

(Anatoa pakiti ya manjano ya unga, chupa ya mafuta ya kupikia na boksi la glavu.)

Hii ni manjano ya sokoni, nachanganya na mafuta kidogo. Anayekuja hapa atavaa glavu, nitampaka mikono yote miwili, kisha avue kama anavyovua kila siku, mbele yenu. Halafu tutafute njano imefika wapi. Mara ya mwisho nilifanya hivi na muuguzi hodari kweli, mwenye vyeti ukutani. Alivua glavu ya kwanza vizuri: akabana upande wa nje karibu na kifundo, akaivuta ikageuka nje ndani, akaifumbata kwenye kiganja cha pili. Safi kabisa. Ya pili akaikamata kwa nje, kwa vidole vitupu, badala ya kupitisha kidole ndani yake. Hakugundua. Dakika kumi baadaye tuliikuta njano kwenye kifundo cha mkono, chini ya saa, kwenye sikio la kulia, na kwenye kioo cha simu, hapo penye kidole gumba. Picha iliyokuwa kwenye hiyo simu ilikuwa ya mwanawe.

Mama wa khanga ya bluu, wewe utakuwa msimamizi wangu, simama hapa karibu, ukiona amekosea usimwonee haya. Beseni la kunawia liko pale, nimehakikisha lina maji na sabuni.

Mganga mfawidhi, nakuomba wewe uanze.